Foleni Waliyoihitaji Hermoni

Watu wa mtaa wetu wa Jericho walimwogopa Kalekye, ingawa sikumbuki hata mara moja aliyopaza sauti kwa hasira. Akikasirika alizidi kunyamaza. Mwenye duka mmoja wa mtaa wetu alipomuuzia baba yake unga wenye wadudu, Kalekye aliubeba ule mfuko akaurudisha, akauweka mlangoni pa duka na kuketi juu yake. Kila mteja aliyekuja alimuuliza kuna nini, naye akamfungulia mfuko aone mwenyewe. Hakutukana mtu. Kabla ya adhuhuri mwenye duka alikuwa amemletea unga mwingine na kumwomba aondoke.

Baba yake, Mzee Matheka, alichonga vinyago katika karakana ya Wakamba kule Pumwani. Kalekye alikuwa kifungua mimba wake, na alipomaliza kidato cha nne mwanzoni mwa miaka ya sabini aliajiriwa na kampuni ya bima kutoboa kadi za kulishia kompyuta. Kompyuta za siku hizo zilijaza chumba kizima, na wasichana kama yeye walikaa nje ya chumba hicho wakitoboa kadi kutwa bila kujua zinakwenda kufanya nini. Kalekye akataka kujua. Aliuliza mpaka wakamchoka, kisha akajiandikisha katika masomo ya jioni na kuyafuata kwa miaka. Kufikia mwaka wa themanini na sita alikuwa mwandishi wa programu aliyehitimu, mwanamke wa kwanza mtaani kwetu kufanya kazi hiyo, na ndipo Hermoni wakamchukua kwa mkataba wa miaka miwili.

Hermoni ilikuwa hospitali ya misheni ng'ambo ya barabara ya Outer Ring, upande ule nyumba za Donholm zilipokuwa zikijengwa. Sisi wa Jericho tulikwenda huko, wa Makadara pia, na kutoka Mukuru kwa Njenga watu walitembea kwa miguu alfajiri, watoto mgongoni, ili wawahi benchi. Zamani benchi lilisogea. Karani alikuwa na makabati ya droo za kadi zilizopangwa kwa alfabeti. Ukitaja jina, anavuta droo, vidole vinatembea juu ya kadi, anakupa nambari, na faili lako linatolewa kwenye rafu.

Halafu wafadhili wa ng'ambo wakaleta kompyuta. Kijana wa kujitolea aliyefuatana nayo aliandika programu ya kutafuta wagonjwa, akapigwa picha na wauguzi, akarudi kwao. Wakati huo wagonjwa walioingizwa mle ndani walikuwa mia chache. Ukiandika jina, jibu lilikuja papo hapo, na kila mtu akasema sasa tumeendelea. Zile droo za kadi zikahamishiwa stoo nyuma ya jikoni, panya wakazifanya makao.

Majina yakaongezeka mpaka yakapita elfu arobaini. Programu ikabaki ileile. Kufikia mwaka wa themanini na saba karani aliandika jina lako, kisha mkakaa kutazamana. Ungeweza kuteleka chai ikachemka. Benchi lilijaa, ukuta ukajaa, watu wakaketi kwenye nyasi nje. Nakumbuka kijana mmoja wa Umoja aliyeumia mguu akiuliza kwa sauti, "Hii mashine imelala ama?" Watu wakacheka, kwa kuwa bado tulikuwa na nguvu za kucheka.

Mimi ni jirani yake Kalekye, mlango kwa mlango. Siku moja tukichambua mchele nje nikamuuliza ni nini kinachoishinda mashine kubwa hivyo.

"Mama Ndindi," akaniambia, "tuseme mgeni amekuja Jericho kumtafuta mtu anayeitwa Maingi. Hajui nambari ya nyumba, na hakuna wa kumuuliza. Atafanyaje?"

"Atabisha hodi."

"Mlango gani?"

"Wa kwanza. Halafu unaofuata."

"Mpaka wa mwisho wa mtaa. Na hata akimpata Maingi katikati bado ataendelea kubisha, maana huenda kuna Maingi mwingine mbele. Hivyo ndivyo ile programu inavyofanya. Akija mgonjwa wa pili, inarudi mlango wa kwanza. Siku nzima inabisha hodi kwa watu wasiotafutwa."

"Na dawa yake?"

Akaniuliza kama nina kitabu cha nyimbo cha kanisani. Nilikuwa nacho. "Nyuma kabisa kuna kurasa ambazo nyimbo zimepangwa kwa alfabeti, na kando ya kila wimbo nambari yake. Ile ni faharasa. Jedwali letu la wagonjwa halina faharasa. Wamepangwa vile walivyokuja, basi. Nikiitengeneza, mashine itafungua katikati ya majina, iangalie kama jina liko kabla au baada, iache nusu isiyohusika, ifungue katikati ya nusu iliyobaki. Elfu arobaini zinaisha kabla haijaangalia mara ishirini."

"Ni kazi ya muda gani?"

"Alasiri moja."

"Mbona hujaifanya?"

Aliendelea kuchambua mchele. Akatoa jiwe, akalitupa mbali kuliko ilivyohitajika. "Bwana Bedan amenikataza."

Bedan alikuwa msimamizi wa Hermoni. Alikuwa amesomea uongozi na hesabu za takwimu ng'ambo, mtu wa suti na maneno laini, na hakuna aliyemjua kuwa mvivu. Alimwambia Kalekye kwamba programu ni mali ya wafadhili, isiguswe mpaka watakapokuja. Kalekye alirudi kwake mara ya pili, na ya tatu. Jibu halikubadilika.

Njoki alikuwa mtoto wa Wakiuru, jirani yetu wa upande wa pili. Wakiuru alifanya kazi katika kiwanda cha blanketi Industrial Area, na siku za kazi mtoto alibaki kwangu. Alikuwa na umri wa kwenda chekechea. Siku hiyo aliamka na homa, koo limevimba, hawezi kumeza hata mate. Kufika saa nne nikaona siwezi kumngoja mama yake. Nikamfunga mgongoni, nikaenda Hermoni.

Kadi yake ya hospitali ilikuwa imefungiwa nyumbani kwa Wakiuru, kwa hiyo nambari sikuwa nayo. Nilikuwa na jina tu. Na nilijua jambo lingine moja, kwamba kuna sindano ambayo nusura imuue akiwa mchanga, palepale Hermoni. Jina la dawa sikulijua. Wakiuru alikuwa ameniambia, "Imeandikwa kwenye faili lake."

Nilimwambia karani. Nikamwambia daktari pia, alipotoka kutazama benchi. Alikuwa daktari kijana, macho mekundu ya kutolala. Akasema, "Sawa, mama, tutangoja faili." Akamchungulia Njoki koo, akaenda kwa wengine. Akarudi. Akauliza faili. Kalekye mwenyewe alikuwa mbele ya kompyuta siku hiyo, maana karani alikuwa ameelemewa. Nilimwona kupitia mlango ulio wazi, mikono juu ya meza, akiangalia skrini isiyosema kitu. Mbele ya Njoki kulikuwa na majina mengine yanayosubiri kutafutwa, kila moja na safari yake ya kuanzia mlango wa kwanza.

Homa ya mtoto ikapanda. Akaanza kutetemeka mikononi mwangu. Daktari akaja mara ya tatu, akamgusa paji la uso, akaangalia ile foleni, akaangalia mlango wa kompyuta. Akaniuliza, "Una hakika ni sindano, si kitu alichokula?" Nikasema nina hakika. Akauliza ni sindano gani. Nikasema sijui, imeandikwa kwenye faili. Akasimama pale kama mtu aliyefungwa kamba mbili zinazovutwa pande mbili. Kisha akasema hawezi kumwacha hivyo, akamdunga.

Ilikuwa penisilini.

Midomo ilivimba kwanza. Halafu macho yakazibwa, na pumzi ikaanza kutoka kwa filimbi nyembamba. Daktari alimnyakua mikononi mwangu akakimbia naye, muuguzi nyuma yake, na mimi nikabaki nimeshika kanga. Ni wakati huo Kalekye alipotoka kile chumba. Rekodi ya Njoki ilikuwa imepatikana. Alipaza jina la dawa kuelekea kwa daktari ambaye alikuwa ameshapotea ndani ya wodi, kisha akaiona ile kanga tupu.

Walimdunga nyingine ya kuokoa pumzi, wakamwekea hewa, na Njoki akapona. Nalisema mapema ili asije mtu akasoma kwa hofu. Lakini ilichukua muda kabla hatujajua kama ataishi, na Wakiuru alipofika kutoka kiwandani, nyuzi za blanketi zingali kwenye nywele, alikwenda moja kwa moja kitandani kwa mtoto.

Kalekye alikwenda ofisi ya Bedan. Nilimfuata, nikasimama mlangoni, na hakuna aliyenifukuza.

"Mtoto wa jirani yangu nusura afe," akasema.

"Nimesikia. Ninaomba Mungu amponye. Yule daktari atajieleza."

"Daktari alingoja. Mashine ndiyo haikumjibu. Nilikuambia nini mwaka jana?"

Bedan akamwomba aketi. Hakuketi. Basi naye akavua miwani, akasema kwa sauti ya mtu anayemwelewesha mtoto, "Kalekye, wafadhili wanakuja mwezi ujao. Nimewaomba mashine kubwa, yenye skrini maabara, wodi ya wazazi, duka la dawa. Unajua itaokoa watu wangapi? Nimewaeleza kwamba hii imezidiwa. Sasa wakija wakute benchi tupu, kila mtu anahudumiwa mara moja, watanipa ya nini?"

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu.

"Kwa hiyo ulijua faharasa itamaliza foleni," Kalekye akasema.

"Nilijua hata kabla hujaniambia. Mimi si mjinga."

"Ungekuwa mjinga ningekusamehe."

"Chunga ulimi."

"Wale watu kwenye nyasi pale nje. Wanaotoka Mukuru kwa miguu. Umewaweka pale kama picha ya kuonyesha wageni."

"Nimewavumilisha kidogo ili wapate kikubwa zaidi," Bedan akajibu, na nadhani aliamini. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba uso wake ulikuwa safi. "Programu ile ukiigusa, hutakuwa na kazi hapa. Nimemaliza."

Kalekye alitoka bila kuufunga mlango. Nilidhani anakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Matroni Rispa, mkuu wa wauguzi, mama mnene wa Kisumu aliyekuwa Hermoni tangu enzi za droo za kadi. Alikuwa ameketi kando ya kitanda cha Njoki akihesabu pumzi zake. Kalekye akamweleza yote, pamoja na yale niliyoyasikia mlangoni, nami nikathibitisha.

Matroni akamaliza kuhesabu. Kisha akauliza, "Ukikosea, utapoteza majina ya watu?"

"Nitanakili kila kitu kwanza. Jedwali lenyewe siligusi. Faharasa inakaa kando yake."

"Jumamosi kliniki inafungwa mchana. Ufunguo wa pili wa chumba kile ninao mimi." Akamfunika Njoki shuka vizuri. "Bedan akiuliza, mwambie aje kwangu."

Jumamosi hiyo Kalekye alijifungia mle na diski zake na chupa ya chai. Alinakili majina yote, akaiamuru mashine ijenge faharasa ya jina la ukoo pamoja na jina la mtu, akaiacha ikisaga. Kisha akaibadilisha programu, mahali pale ilipoambiwa isome kutoka mwanzo hadi mwisho, akaiambia ipitie kwenye faharasa. Baadaye nilipomuuliza alihisi nini jina la kwanza lilipojibu papo hapo, nilitarajia atasema furaha.

"Nilitaka kuvunja kitu," akasema. "Ilikuwa rahisi hivyo, Mama Ndindi. Mwaka mzima, na ilikuwa rahisi hivyo."

Jumatatu watu wa Mukuru walifika alfajiri kama kawaida na kufikia saa nne benchi lilikuwa na nafasi. Wazee wengine walibaki wameketi hata baada ya kuhudumiwa, hawaamini kwamba wameruhusiwa kwenda. Bedan alipita, akatazama, akaingia ofisini. Alikuwa amekwisha kusikia kutoka kwa Matroni, na Matroni hakuwa mtu wa kufukuzwa kwa urahisi.

Wiki haikuisha kabla hajapata nafasi yake ya kulipiza. Mzee mmoja aliyeandikishwa Jumanne alirudi Alhamisi, mashine ikasema hayumo. Mwingine pia. Na mwingine. Bedan akaitisha mkutano wa wafanyakazi wote kwenye ukumbi wa ibada. Akasema mashine sasa ina haraka ya kudanganya, kwamba zamani ilichelewa lakini ilisema kweli, na kwamba haya ndiyo matunda ya kiburi. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Makarani ni watu wenye familia.

Kalekye alisikiliza mpaka mwisho. Aliponisimulia alisema kwamba hapo hasira ilimgeukia yeye mwenyewe kwanza, kwa kuwa aliona kosa mara moja. Kulikuwa na nakala nyingine ya ile programu ya zamani, iliyotumiwa jioni na karani wa kuandikisha wagonjwa wapya. Nakala hiyo haikujua kwamba kuna faharasa. Iliwaingiza watu kwenye jedwali bila kuiambia faharasa, kama mpangaji anayehamia nyumba bila jina lake kuandikwa popote. Alipaswa kuitafuta hiyo nakala kabla ya Jumatatu, na hakuitafuta.

Akasimama mbele ya wote, akasema, "Kosa ni langu. Wagonjwa wamo, hawajapotea. Nipeni saa ya chakula cha mchana." Kisha akamgeukia Bedan. "Na wewe, Bwana Bedan, hili umeliitia mkutano kabla wiki haijaisha. Lile la Njoki hukuliitia mkutano kabisa."

Bedan akasema mkutano umefungwa.

Saa ya chakula ilipoisha nakala zote mbili zilikuwa zikifungua faharasa na kuandika jina humo kila mara mgonjwa anapoingizwa, na faharasa yenyewe ilikuwa imejengwa upya. Aliwafundisha makarani jinsi ya kuijenga tena kila Jumamosi, na pia umeme ukikatika katikati ya kazi au mashine ikizimwa vibaya. Hakuna aliyesema tena kwamba mtu hayumo.

Wafadhili walikuja mwezi uliofuata, wakakuta hospitali isiyo na foleni. Waliisifu sana. Walikunywa chai na Bedan, wakazuru wodi, na juu ya mashine kubwa wakasema kwamba ile iliyopo inaonekana inatosha. Kwa hiyo Bedan alikuwa amesema kweli kuhusu hilo, na nataka haki itendeke kwake kiasi hicho. Maabara haikupata skrini. Wodi ya wazazi iliendelea na madaftari yake kwa miaka mingi.

Mkataba wa Kalekye ulipoisha haukufanywa upya. Hakupewa sababu. Matroni Rispa aliandika kupinga, ikawa bure. Bedan baadaye alipandishwa cheo, akaenda makao makuu ya misheni kusimamia hospitali zote. Nilimpelekea Kalekye habari hizo akiwa anaanika nguo. Aliikamua shuka mpaka nikadhani itachanika, akaianika, akachukua nyingine. Alipata kazi kwenye kiwanda cha kupakia majani ya chai, akawa huko akiandika programu zake, akimlipia mdogo wake karo, akimpelekea Mzee Matheka chakula karakanani.

Wakiuru alitaka kumshukuru. Alimletea blanketi jipya kutoka kiwandani, la rangi ya damu ya mzee, zuri sana. Kalekye alilikataa, Wakiuru akaumia moyo, ikabidi niingilie kati.

"Mama Njoki," Kalekye akamwambia, "nilikaa mbele ya ile mashine nikiangalia. Nilijua tangu mwaka uliotangulia. Nilikatazwa nikatii. Usinishukuru."

"Ulikuwa umeajiriwa."

"Ndiyo. Hivyo ndivyo kila mtu pale angesema."

Wakiuru alilikunja blanketi akaliacha mlangoni. Mzee Matheka ndiye aliyelichukua mwishowe, akasema baridi ya Julai haijui ugomvi.

Jumamosi iliyofuata Kalekye alimshika Njoki mkono, wakaenda sokoni Kariokor kwa mafundi wa ngozi. Nilikwenda nao. Alimwonyesha fundi mmoja kifundo cha mkono cha mtoto, akamwambia anataka kikuku cha ngozi ngumu, chenye matundu ya kukilegeza kadiri mkono unavyokua, na juu yake maneno yachomwe kwa chuma cha moto, herufi kubwa. Fundi akauliza ni jina la mtoto.

"Hapana. Andika ASIDUNGWE PENISILINI."

Fundi akacheka kidogo, akadhani ni mzaha wa watu wa mjini. Kisha akamwangalia usoni, akaacha kucheka, akauliza neno hilo la pili linaandikwaje. Kalekye akamtajia herufi moja moja. Njoki aliziba pua kwa moshi wa ngozi. Kilipopoa alikivaa, akakigeuza geuza, akauliza kama wasichana wengine watapewa pia.

"Waambie mama zao waje hapa," Kalekye akasema, akamfunga kishikizo.